Kulala Hemani Kando ya Nile: Jibu kwa Mama wa Nangara

Barua inayojibiwa wiki hii imetoka kwa mama mkazi wa Nangara, mjini Babati, ambaye binti yake ametimiza miaka 18, amemaliza kidato cha sita, na kwa sasa anauza katika duka la shangazi yake. Binti huyo ameomba ruhusa ya kwenda Jinja, nchini Uganda, mwezi Novemba, pamoja na binamu zake wawili wa Arusha, kuhudhuria tamasha la Nyege Nyege, ambako wahudhuriaji wengi hulala kwenye mahema kwa siku nne huku muziki ukipigwa mpaka alfajiri. Mama anaeleza kwamba jina la tamasha peke yake lilimkosesha usingizi, kwamba baba wa binti amekataa kabisa suala hilo kuzungumzwa mbele yake, na kwamba yeye mwenyewe ameelekea kukubali kwa sharti moja, yaani binti aongozane na mdogo wake wa kiume mwenye miaka 15 ili amlinde. Anauliza kama sharti hilo linatosha, na ni nini kingine cha kuandaa.

Sharti hilo halitoshi, wala halitekelezeki. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua mtoto kuwa ni mtu aliye chini ya umri wa miaka 18, na tamasha la Jinja ni la waliokwisha kufikia umri huo, kwa hiyo mwenye haki ya kuingia ni dada, naye anayetakiwa kumlinda atarudishwa getini. Hata kama geti lingekuwa wazi, kumtuma mvulana wa miaka 15 amchunge dada yake mwenye miaka 18 ni mazoea yanayompa mtoto kazi ya mtu mzima kwa sababu tu ya jinsia yake, na kule kwenye pombe, giza na umati, wa kuchungwa angekuwa yeye. Kama naye anapenda muziki, apewe ahadi ya kweli, kwa mfano Sauti za Busara, tamasha lililoanza mwaka 2004 na ambalo kwa kawaida hufanyika mwezi Februari katika Ngome Kongwe, Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambako hakuna mahema, watu hulala kwenye nyumba za wageni, na mzazi anaweza kukaa na mwanawe tangu wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho.

Kuhusu jina, lisigeuzwe kesi. Waandaaji hulieleza kwa maana ya Kiganda, kwamba ni hamu ya kucheza inayomjia mtu ghafla asiweze kuizuia, maelezo ambayo msomaji wa Kiswahili anaruhusiwa kuyapokea kwa tabasamu. Lililo muhimu kwa mzazi ni kulijua tamasha lenyewe. Lilianza mwaka 2015 mjini Jinja, kando ya Mto Nile, chini ya Derek Debru na Arlen Dilsizian waliokuwa wakiishi Kampala; mwaka 2018 Simon Lokodo, aliyekuwa waziri wa maadili wa Uganda, alitangaza kulipiga marufuku, kisha likafanyika; mwaka 2022 lilizua mvutano bungeni, Waziri Mkuu Robinah Nabbanja akaliruhusu kwa masharti, likafanyika kwenye maporomoko ya Itanda. Hofu ya mama, basi, si ya ushamba, kwa kuwa hata mawaziri wamekuwa nayo. Hata hivyo, lebo ya muziki ya tamasha hilo ndiyo iliyotoa mwaka 2017 mkusanyiko uitwao Sounds of Sisso, uliowafikisha wasanii wa singeli wa Mburahati, Dar es Salaam, kwa wasikilizaji wa Ulaya waliokuwa hawajawahi kuusikia muziki huo, na binti wa Kitanzania anayeufuata Jinja anaufuata muziki wa kwao.

Kikwazo kikubwa katika barua hii ni ukimya wa baba. Kifungu cha 11 cha Sheria ya Mtoto kinampa hata mtoto mwenye uwezo wa kuunda maoni haki ya kusikilizwa katika maamuzi yanayomhusu, sembuse binti ambaye kisheria ni mtu mzima na ambaye nauli amejiwekea mwenyewe. Mzazi anaweza kukataa, na kukataa kwa sababu zilizotajwa ni sehemu ya malezi. Lakini kukataa kuzungumza kuna matokeo yanayotabirika, kwamba kijana ataaga kuwa anakwenda kuwasalimu ndugu Arusha, atapanda basi la Nairobi, na akipatwa na tatizo saa nane usiku hatapiga simu nyumbani, kwa sababu simu hiyo itaanza kwa kufichua uongo. Mzazi aliyeambiwa ukweli asioupenda ana uwezo wa kusaidia ambao mzazi aliyedanganywa hana. Baba aombwe, kwa heshima zake zote na ikibidi kupitia kwa mjomba au mzee anayemsikiliza, akae kikao kimoja tu, si lazima akubali, ila aseme anachokiogopa ili kijibiwe.

Maandalizi yenyewe yaanze na karatasi, kwa sababu ndizo zinazochukua muda. Kutoka Babati hadi Arusha ni kama kilomita 170, kisha njia hupita Namanga, Nairobi na ama Busia au Malaba kabla ya kufika Jinja, maana yake ni kwamba msafiri anavuka mipaka miwili kwenda na miwili kurudi, naye anahitaji pasipoti au hati ya dharura ya safari, ambayo ni hati ya muda mfupi inayotolewa na Uhamiaji. Pamoja nayo inahitajika kadi ya manjano, yaani cheti cha kimataifa cha chanjo ya homa ya manjano, ugonjwa wa virusi unaoenezwa na mbu, na Uganda huidai kwa kila mgeni aliyevuka umri wa mwaka 1. Chanjo hiyo huhesabiwa kuwa imeanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano na hudumu maisha yote, kwa hiyo anayechanjwa siku chache tu kabla ya safari amechelewa, na anayenunua kadi bila kuchomwa sindano amejinunulia karatasi, si kinga. Kazi hizi zote azifanye binti mwenyewe, mama akiuliza tu zimefikia wapi, maana anayeshindwa kufuatilia hati yake mwenyewe katika mji alikozaliwa ameshatoa jibu kuhusu utayari wake.

Hema likiwa la kuazima, lijaribiwe uani Nangara, usiku mmoja mzima, na ikiwezekana ndoo mbili za maji zimwagwe juu yake ili ijulikane linavujia wapi, kwa kuwa Novemba ni msimu wa mvua upande ule na uwanja wenye maelfu ya miguu hugeuka tope. Turubai la kutandika chini, gambuti, tochi ya kuvaa kichwani, khanga mbili, chandarua chenye dawa na dawa ya kupaka dhidi ya mbu vinatosha kuwa msingi wa begi, mengine ni ya mapenzi. Bonde la Nile lina malaria kuliko nyanda za Babati, na maji yake huweza kuwa na kichocho, ugonjwa wa minyoo wanaopenya ngozi ya mtu anayeoga au kutembea majini. Isitoshe, mto katika eneo la Itanda una nguvu za kumchukua hata mwogeleaji hodari, na aliyekulia kando ya Ziwa Babati asidhani amekwisha kuyajua maji.

Masikio husahaulika karibu kila mara, ilhali madhara yake hayarudi nyuma. Ukali wa sauti hupimwa kwa desibeli, kipimo ambacho hakiongezeki kama kilo za mbaazi kwenye mzani, bali kila zinapoongezeka desibeli 3 nguvu ya sauti huwa maradufu. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba sikio linaweza kuvumilia desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, desibeli 90 kwa saa 4 tu, na desibeli 100 kwa dakika zipatazo 20, na kiwango hicho cha 100 ndicho kilichopendekezwa na shirika hilo mwaka 2022 kuwa ukomo wa wastani kwa kumbi na matamasha, pamoja na ushauri kwamba watu wapewe vizibo vya masikio na mahali tulivu pa kupumzikia. Pamba ya dukani haizuii chochote cha maana. Vizibo vya sponji huviringishwa kwa vidole mpaka viwe vyembamba, sikio huvutwa juu kidogo kwa mkono wa upande wa pili, kizibo huingizwa na kushikiliwa mpaka kivimbe. Binti afanye zoezi hilo nyumbani mara kadhaa, kwa sababu gizani mbele ya spika hakuna anayejifunza.

Umati unastahili maelezo marefu zaidi, kwa kuwa katika eneo hili la Afrika umewahi kuua bila kuchagua aina ya mkusanyiko. Mjini Tabora, siku ya Idd, tarehe 1 Oktoba 2008, watoto wapatao 20 walikufa katika ukumbi wa disko la watoto. Mjini Moshi, tarehe 1 Februari 2020, watu 20 walikufa wakikimbilia mafuta ya upako kwenye ibada. Na mjini Kampala, usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari 2023, watu wasiopungua 9 walikufa katika msongamano wa kutazama fataki kwenye jengo la Freedom City. Wanaosema muziki wa kidunia ndio unaoleta maafa wanasahau kwamba Moshi watu walikuwa kwenye maombi. Kinachoua ni wingi wa watu katika nafasi ndogo yenye njia chache za kutokea, kwa maana wakizidi watu watano hivi katika mita moja ya mraba miili huanza kusukumana pasipo mtu yeyote kukusudia, na wengi hufa wakiwa wamesimama, kifua kikiwa kimebanwa kisiweze kupanuka kuvuta hewa. Dalili ya mapema ni mtu kushindwa kuinua mikono yake hadi usoni, na ikifika hapo awe ameshaanza kuondoka: mikono ikunjwe mbele ya kifua, mtu asishindane na wimbi bali asubiri litulie ndipo asogee kimshazari kuelekea pembeni, na kiatu au simu iliyoanguka iachwe ilipo. Wakifika uwanjani mchana, binti na binamu zake wazunguke wakihesabu milango ya kutokea na kuchagua mahali pa kukutana endapo watapotezana, mahali pasipohama, si chini ya bendera fulani wala kando ya gari la chipsi.

Kuhusu vileo, dawa za kulevya na miili, mama azungumze waziwazi bila mafumbo. Kinywaji kilichoachwa mezani hakirudiwi, kinachopokelewa kiwe kimefunguliwa mbele ya macho, na bangi ni kosa la jinai Uganda kama ilivyo Tanzania. Ridhaa, yaani kukubali kwa hiari na kwa akili timamu, haipatikani kwa mtu aliyelewa, na somo hili wapewe pia binamu kama ni wa kiume, kwa kuwa wazazi wengi humaliza sauti kwa mabinti na kuwaacha wavulana bila neno. Ikitokea amelazimishwa kingono, afike kituo cha afya ndani ya saa 72, muda ambao dawa za kuzuia maambukizi ya VVU, zijulikanazo kama PEP, huwa bado zinaweza kuanza kutumiwa, na mapema ni bora zaidi. Hilo alijue kabla ya kuondoka, pamoja na kauli ya wazazi wote wawili kwamba hatalaumiwa.

Kauli hiyo ndiyo kiini cha mapatano yote. Kutoka Nangara hakuna awezaye kumfikia aliyeko Jinja usiku uleule, kwa hiyo familia itafute mtu mzima mmoja anayeishi Jinja au Kampala, ndugu, mchungaji au mwalimu wa zamani, aliyekubali mapema kupigiwa simu saa yoyote na kumpokea binti bila kumhoji, maswali yakingoja nyumbani. Simu za kawaida zipangwe mara mbili kwa siku, saa tatu asubuhi na saa kumi na mbili jioni, kabla muziki haujapanda, na mama ajizuie kupiga katikati, kwa maana mtandao wa eneo lenye watu wengi huzidiwa, na simu isiyopatikana saa tano usiku itamwambia tu kwamba mnara umeelemewa. Nauli ya kurudi itengwe isiguswe, na baba, kama bado anasita kusema mengine, akabidhiwe kuitunza na kuituma asubuhi ya siku ya nne.

Akirudi apewe chakula na aachwe alale. Mlio masikioni kwa kawaida hupungua ndani ya siku moja au mbili, na ukizidi hapo apelekwe hospitali. Homa yoyote itakayompata katika wiki nne za mwanzo isipozwe kwa vidonge vya maumivu vya dukani, bali aende Hospitali ya Mrara akapimwe malaria siku hiyohiyo, naye amweleze daktari kabla hajaulizwa kwamba ametoka kulala kwenye hema kando ya Nile.