Bunduki ya misumari: ulizia misumari kwanza

Napaua nyumba kwa mbao za paini na mkono umechoka na nyundo. Ninunue bunduki ipi?

Kabla hujaishika bunduki yoyote, zunguka maduka ya vifaa mjini kwako uulize misumari yake. Hii haipimwi kwa kilo kama ya nyundo. Huja imeunganishwa kwa mstari au imeviringwa koili, na kila bunduki ina pembe yake. Ya digrii 21 hutumia misumari yenye kichwa cha mviringo kamili, iliyoshikwa kwa plastiki. Ya digrii 30 hadi 34, iliyoshikwa kwa karatasi. Ukichanganya, inakwama. Zipo bunduki nzuri zilizoletwa na ndugu kutoka Dubai au Ulaya ambazo zimelala kabatini kwa sababu misumari yake haipatikani hapa. Ukikuta duka lenye digrii 34 tu, na halikosi mzigo, basi hiyo ndiyo bunduki yako.

Ya koili hubeba misumari mingi zaidi, ila utaihisi begani ukiwa juu ya kenchi.

Itapiga msumari wa inchi nne?

Nyingi haziwezi. Za kupaulia kwa kawaida huishia inchi tatu na nusu, yaani milimita 90, na msumari wenyewe ni mwembamba kuliko ule wa nyundo tuliouzoea. Hapa ndipo mafundi wengi wanapojidanganya: wanabadilisha chombo, hesabu wanaiacha ile ile. Kiungo cha kenchi kilichopangiwa misumari minne minene kinahitaji mingi zaidi ukitumia myembamba, au mabamba ya chuma. Aliyechora paa ndiye wa kuulizwa idadi.

Na bati usilitarajie. Msumari wa bati wenye kofia pana hauingii humo. Bunduki itakumalizia kenchi na papi, kisha utarudi kwenye nyundo au skrubu.

Ya upepo, ya gesi au ya betri?

Ya upepo, kama saiti ina umeme. Ni nyepesi, bei yake inabebeka, na mara nyingi ikivuja ni mipira ya ndani tu ya kubadilisha. Nyingi hufanya kazi kati ya psi 70 na 120. Shida iko kwenye kompresa: inapowaka huvuta umeme mwingi kuliko ikishaanza kuzunguka, na jenereta ndogo huzimika hapo hapo. Kwa wa pwani, fungua tangi kila jioni umwage maji, na asubuhi dondoshea bunduki mafuta yake matone machache.

Ya gesi hutegemea vichupa vyenye tarehe ya mwisho wa matumizi. Mimi siipendi kwa fundi aliye mbali na mji. Ya betri ni nzito na ghali, lakini kwa anayehamahama kwenye saiti zisizo na umeme, inalipa.

Natengeneza makabati. Hiyo hiyo itafaa?

Itapasua mbao. Tafuta ya geji 18 kwa mikanda, geji 16 kwa vipande vinene kidogo. Namba ikiwa kubwa, msumari ni mwembamba. Kwenye mninga au mkongo mkavu msumari huo unaweza kupinda. Huko toboa kwanza, utumie skrubu na gundi.

Mbao zangu zimetiwa dawa. Kuna tofauti?

Ipo. Dawa nyingi zina shaba, nayo hula chuma kitupu. Chukua misumari iliyochovywa kwenye zinki.

Vijana wangu huifunga waya ile pua ya usalama ili waende haraka.

Ifungue leo. Na ukinunua, chagua kifyatuo kinachodai pua iguse mbao kwanza, ndipo kidole kivute, kwa kila msumari. Ile nyingine, kidole kikiwa kimeshikilia, hupiga popote pua inapogusa, hata pajani. Msumari ukikutana na fundo hukata kona, kwa hiyo mkono unaoshikilia mbao ukae mbali kuliko urefu wa msumari. Miwani muda wote. Ikikwama, chomoa kwanza mpira wa upepo.