Kuchagua Linux ya Kufanyia Kazi

Tangu Microsoft ilipohitimisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, maofisi mengi madogo yamebaki na kompyuta ambazo bado ni nzima lakini hazikidhi masharti ya Windows 11, hususan sharti la moduli ya usalama ya TPM 2.0 na la kichakataji cha kizazi kipya. Linux ni suluhisho halali na la kudumu kwa mashine hizo. Hata hivyo, anayeianza hukutana na mamia ya majina, na mara nyingi huchagua kwa picha: ipi inapendeza zaidi kwenye skrini. Kwa mtu ambaye riziki yake inategemea kompyuta hiyo, swali linalotangulia ni jingine. Nani ameahidi kuutunza mfumo huo, na kwa muda gani?

Mambo mawili yatenganishwe mapema. Kiini cha Linux, kilichoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, hakitumiki peke yake. Distro ndiyo inayokikusanya pamoja na programu, hazina ya vifurushi, ratiba ya masasisho ya usalama na watu wanaowajibika kwa hayo yote. Mazingira ya eneo-kazi ni kile kinachoonekana: menyu, madirisha, upau wa chini na kidhibiti cha faili. Distro moja huweza kubeba mazingira kadhaa, na kuyabadilisha ni kazi ya saa chache. Kubadilisha distro kwa kawaida ni kusakinisha upya kila kitu. Kwa hiyo umakini mkubwa uelekezwe kwenye distro.

Debian, iliyoanzishwa mwaka 1993, inaendeshwa na watu wa kujitolea chini ya katiba yao wenyewe. Hutoa toleo jipya takribani kila baada ya miaka miwili, na hupendelea uthabiti kuliko upya. Ubuntu, ya kampuni ya Canonical, imejengwa juu ya Debian. Matoleo yake ya LTS, yaani ya msaada wa muda mrefu, hutoka Aprili ya kila mwaka wa namba shufwa, kama 2022 na 2024, na huhudumiwa kwa miaka 5. Matoleo ya katikati huhudumiwa kwa miezi 9 tu, hivyo hayafai kwa ofisi isiyo na fundi. Linux Mint huchukua Ubuntu LTS kama msingi na kuirahisisha kwa mtu aliyezoea Windows. Fedora huhudumia kila toleo kwa takribani miezi 13 na inamfaa mwandishi wa programu anayehitaji zana mpya. Arch husasishwa mfululizo bila matoleo. Maelezo yake ya kiufundi ni hazina kwa watumiaji wa distro zote, lakini inadai mtumiaji anayesoma taarifa kabla ya kila sasisho. Kwa mhasibu, katibu muhtasi au mwalimu anayeanza, pendekezo la mwongozo huu ni Linux Mint au Ubuntu LTS.

Ahadi ya matunzo nayo ipimwe kwa kuangalia nani anaishikilia. Desemba 2020 kampuni ya Red Hat ilitangaza kwamba CentOS Linux 8, distro iliyotumika sana kwenye seva na iliyotarajiwa kuhudumiwa hadi 2029, ingefikia mwisho tarehe 31 Desemba 2021. Wasimamizi wa seva waliokuwa wamepanga kazi zao kwa miaka walibaki na mwaka mmoja wa kuhama. Distro za AlmaLinux na Rocky Linux zilizaliwa kutokana na pengo hilo. Msimamizi makini huandika tarehe ya mwisho wa huduma ya kila mashine katika daftari la vifaa na kupanga uhamisho mapema.

Kuhusu mazingira ya eneo-kazi, Cinnamon, ambayo ni ya Linux Mint yenyewe, ina menyu pembeni chini na upau wa kazi mahali pale pale jicho lilipozoea. KDE Plasma inaruhusu karibu kila kitu kubadilishwa, jambo linalomfaidi mzoefu na wakati mwingine kumpotezea muda mgeni. GNOME ina utaratibu wake: katika hali yake ya asili dirisha halina hata kitufe cha kupunguza, ingawa Ubuntu huirekebisha na kuiongezea upau wa kushoto. Xfce na LXQt ni nyepesi, na kwa mashine ya RAM ya GB 4 ndizo za kuanzia. Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba kivinjari chenye kurasa kumi kwa kawaida hula kumbukumbu nyingi kuliko mazingira yenyewe. Kuongeza RAM hadi GB 8 na kuweka SSD huleta nafuu kubwa kuliko kuhangaika na mandhari. Anayetaka Plasma au Xfce juu ya Ubuntu achukue Kubuntu au Xubuntu moja kwa moja, kwa kuwa kurundika mazingira mawili kwenye usakinishaji mmoja huacha programu pacha kwenye menyu.

Kabla ya kusakinisha, faili lililopakuliwa lazima lithibitishwe. Februari 2016 wavamizi waliingilia tovuti ya Linux Mint na kuwaelekeza wapakuaji kwenye nakala ya toleo 17.3 Cinnamon iliyopachikwa mlango wa siri. Amri ya sha256sum hutoa mfuatano wa herufi na tarakimu 64, ambao hulinganishwa na ule uliotangazwa na distro. Kwa kuwa mvamizi wa tovuti anaweza kubadilisha hata mfuatano huo, saini ya kidijitali inayoambatana nao ihakikiwe pia.

Hatua inayofuata ni kuandika faili hilo kwenye fleshi na kuwasha kompyuta kutoka humo bila kugusa diski. Hapo ndipo ukweli hujitokeza. Wi-Fi ijaribiwe kwanza, kwa sababu baadhi ya kadi, hasa za Broadcom, huhitaji kiendeshi cha ziada. Kisha printa ya ofisi ichape ukurasa mmoja, projekta iunganishwe, kifuniko kifungwe na kufunguliwa ili kuona kama mashine inaamka. Faili halisi la kazi, si la mfano, lifunguliwe katika LibreOffice. Lahajedwali lenye makro za Excel huenda lisifanye kazi ipasavyo. Programu ya uhasibu isiyo na toleo la Linux ni sababu tosha ya kubakiza mashine moja ya Windows yenye leseni.

Leseni ni suala la haki na wajibu pia. Leseni ya GPL, inayosimamia kiini cha Linux, humpa mtumiaji haki ya kutumia, kuchunguza, kurekebisha na kusambaza programu. Hakuna haja ya nakala za wizi. Haki hiyo haimpi mfanyakazi ruhusa ya kufuta mfumo wa kompyuta ya mwajiri: kibali cha maandishi na nakala rudufu iliyojaribiwa kurejeshwa hutangulia. Anayeshika taarifa za wateja anabanwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 nchini Tanzania, au sheria ya ulinzi wa data ya 2019 nchini Kenya. Chaguo la usimbaji fiche wa diski liwekwe wakati wa kusakinisha, maana kuliongeza baadaye ni kazi ngumu.

Baada ya hapo, kuhamahama kukome. Mchagua nazi hupata koroma, na anayebadilisha distro kila mwezi hajui hata moja. Miezi sita katika distro moja inatosha kujifunza masasisho, ruhusa za faili na amri za msingi. Aliyefika hapo anaweza pia kuanza kuchangia: tafsiri za Ubuntu na Linux Mint huandaliwa kupitia Launchpad, ambako vifungu vingi vya Kiswahili bado vinasubiri mtafsiri.