Winga Mkali Lakini Kila Mara Majeruhi: Umuweke Fantasy? Uprinti Jezi Yake?

Somo la leo ni la mpira, ila usilipite. Kama unauza jezi kwa status na kwenye magrupu, hili linagusa mtaji wako moja kwa moja. Kama huuzi jezi lisome tu, maana utaona lina mzigo wako ndani yake.

Kila mwaka ikifika mwezi wa nane, ligi ya Uingereza ikianza, maswali mawili yanakuja pamoja. La kwanza ni la wanaocheza Fantasy: "Huyu winga ni hatari, ila anaumia sana, nimuweke?" La pili ni la wauza jezi: "Nimuweke mzigo wa jezi zenye jina lake?" Watu wanajibu yote mawili kwa kuangalia clip za mabao. Hapo ndipo hela inapopotelea.

Kwa ambaye hajui, Fantasy Premier League ni mchezo wa bure wa ligi ya Uingereza. Sio kubeti. Unapewa pauni milioni 100 za kwenye mchezo, unanunua wachezaji 15, na kila wiki 11 ndio wanakuletea pointi kulingana na walichofanya uwanjani kweli. Nahodha wako pointi zake zinazidishwa mara mbili. Kwa maneno mengine umepewa mtaji na duka, uamue mzigo gani uweke. Ndiyo maana naupenda kwa kujifunzia: ukikosea huku, hela yako ya kweli haiguswi.

Shika swali moja tu leo. Usiulize "ni mzuri?" Uliza hivi: ATACHEZA MECHI NGAPI, NA ASIPOCHEZA NINA NINI MKONONI? Twende hatua kwa hatua.

1. HESABU MECHI KABLA YA MABAO

Ligi ya Uingereza ina mechi 38. Chukua misimu mitatu au minne ya mchezaji, andika kwenye daftari amecheza mechi ngapi za ligi kila msimu. Usiangalie kitu kingine kwanza.

Mfano Reece James wa Chelsea. Yeye ni beki wa pembeni, lakini anashambulia kama winga. Msimu wa 2021/22 alicheza mechi 26, akafunga 5 na kutoa pasi za mabao 9. Kwa beki hayo ni maajabu, na kila mtu alimtaka. Msimu uliofuata, mechi 16. Msimu wa 2023/24, mechi 10. Mabao hayakukuambia hilo. Daftari lingekuambia.

Wa kwetu Afrika Mashariki, Victor Wanyama wa Kenya. Msimu wake wa kwanza Tottenham, 2016/17, alicheza mechi 36 za ligi. Baadaye goti likaanza kumsumbua: 18, kisha 13, kisha 2 mpaka alipoondoka kwenda Montreal mwezi wa tatu 2020. Tarakimu zikishuka hivyo mwaka hadi mwaka, hiyo sio bahati mbaya tena. Ni mwenendo.

Sasa muangalie Bukayo Saka wa Arsenal. 2021/22 mechi 38. 2022/23 mechi 38. 2023/24 mechi 35. Halafu 2024/25 mechi 25. Huyu ni tofauti: miaka mitatu hakuwa mtu wa kuumia, akapata msimu mmoja mbaya. Huwezi kumuweka kapu moja na wenzake wale wawili kwa msimu mmoja tu. Lakini pia huwezi kujifanya hujaona. Hapo ndipo hatua ya pili inaingia.

2. ULIZA ALIUMIA NINI, NA MARA NGAPI PALEPALE

Kuna kuumizwa na kuna kuumia. Mchezaji aliyekanyagwa akavunjika mguu, hilo ni tukio. Akipona vizuri linaweza lisijirudie maisha yake yote. Lakini anayeshika paja mwenyewe akiwa anakimbia, hakuna aliyemgusa, huyo muandike kwa kalamu nyekundu.

Nyama za nyuma ya paja ndio adui mkubwa wa mawinga, kwa sababu kazi yao ni kukimbia ghafla kwa kasi na kusimama ghafla. Na jambo linalojulikana kuhusu jeraha hili ni kwamba aliyeumia hapo mara moja yuko kwenye hatari zaidi ya kuumia hapo tena. Saka aliumia nyama za paja tarehe 21 Desemba 2024 dhidi ya Crystal Palace, akafanyiwa upasuaji, akarudi tarehe 1 Aprili 2025 dhidi ya Fulham na akafunga siku hiyohiyo. Wengi wakasema yameisha. Tarehe 23 Agosti 2025, dhidi ya Leeds, akatoka tena kwa nyama za paja. Safari hii hakukaa nje muda mrefu, ila ujumbe umeupata.

Goti nalo lina hesabu yake. Kano kubwa ya goti ikikatika, mara nyingi ni miezi sita mpaka tisa nje, wengine mwaka. Na akirudi, wiki za mwanzo bado hajawa yule uliyemzoea. Usimnunue siku anaporudi. Mpe mechi mbili tatu umuangalie.

3. ANGALIA DAKIKA, SIO JINA KWENYE KIKOSI

Kwenye Fantasy, mchezaji akicheza dakika 60 au zaidi anapata pointi 2. Chini ya hapo ni pointi 1. Asipogusa uwanja kabisa, mtu wako wa benchi anaingia badala yake na pointi zake unazipata.

Sasa ona mtego. Winga anayetoka kwenye majeraha, kocha anamuingiza dakika ya 85. Anakupa pointi 1, na kwa sababu amecheza, yule wa benchi mwenye pointi 8 haingii. Mgonjwa kabisa ana nafuu kuliko nusu mgonjwa! Kwa hiyo mtu anayerudi usimpange mpaka umuone ameanza mechi na kupita dakika 60 walau mara mbili mfululizo.

4. PIGA HESABU PAMOJA NA BENCHI

Hapa wengi wanapotea. Tuseme una winga A na winga B.

A ana wastani wa pointi 6 kila akicheza, lakini anacheza mechi 25 tu. 6 mara 25 = 150.
B ana wastani wa pointi 4.5, lakini anacheza mechi 36. 4.5 mara 36 = 162.

Ukiishia hapo unamchukua B. Ila subiri. Zile wiki 13 ambazo A hayupo, una mtu wa benchi anayekupa pointi 2 kila wiki. Hizo ni 26, jumla 176. B naye ana wiki 2 za kukosekana, unapata 4, jumla 166. Sasa A ndiye ameshinda!

Kumbe mchezaji wa majeraha sio wa kukataa moja kwa moja. Inategemea umeweka nani nyuma yake. Mwenye benchi la maana anaweza kumbeba. Mwenye benchi la wachezaji wasiocheza kabisa, A anamzamisha.

Halafu ongeza bei. Saka alianza msimu wa 2024/25 akiuzwa milioni 10. Hiyo ni sehemu ya kumi ya mtaji wako wote. Aliyemng'ang'ania kuanzia Desemba mpaka Aprili, milioni 10 zake zililala zaidi ya miezi mitatu bila kuleta kitu. Kuuza na kununua mwingine unaruhusiwa mara moja bure kila wiki, na nafasi usiyotumia unaiweka akiba mpaka zifike tano. Ukizidisha unakatwa pointi 4 kwa kila mchezaji. Kwa hiyo ukiwa na mtu wa majeraha, hakikisha siku zote una nafasi ya akiba. Ukiwa nao watatu, wakiumia wiki moja utakatwa mpaka ukome. MMOJA ANATOSHA.

5. HABARI ZA IJUMAA NI SEHEMU YA KAZI

Makocha wengi wanaongea na waandishi siku moja au mbili kabla ya mechi. Fantasy nayo inaweka alama: njano ya asilimia 75, 50 au 25 ya kucheza, nyekundu kwa asiyecheza. Dirisha linafungwa dakika 90 kabla ya mechi ya kwanza ya wiki hiyo. Usifanye mabadiliko Jumanne kwa presha, mchezaji uliyemnunua akaumia mazoezini Alhamisi. Subiri usikie. Na unahodha usimpe mwenye alama ya njano, hata kama anacheza na timu ya mkiani.

6. JERAHA LA MMOJA NI NAFASI YA MWINGINE

Hili Watanzania tumelishuhudia. Tarehe 1 Januari 2020 mshambuliaji wa Aston Villa, Wesley, aliumia goti vibaya dhidi ya Burnley, msimu wake ukaishia pale. Villa wakabaki hawana mtu wa mbele. Tarehe 20 Januari wakamsajili Mbwana Samatta kutoka Genk, Mtanzania wa kwanza kucheza ligi ile. Tarehe 1 Februari akafunga dhidi ya Bournemouth, na tarehe 1 Machi akafunga fainali ya kombe la ligi dhidi ya Manchester City.

Kwa hiyo mtu akiumia usikae unamsikitikia tu. Uliza: nani anachukua dakika zake? Mara nyingi ni mtu wa bei ya chini ambaye bado hakuna anayemuangalia.

7. SASA TUJE KWENYE JEZI

Hatua zote sita zinafanya kazi hapa, ila kuna tofauti moja kubwa. Fantasy inakupa nafasi ya kubadilisha kila wiki. Jezi ikishaprintiwa jina, imeprintiwa. Huwezi kulibandua uandike lingine jezi ikabaki safi.

Tuseme jezi isiyo na jina inakufikia kwa 15,000, kuprinti ni 5,000, unauza 30,000. Ukiprinti 10 za winga wako mapema, umeweka 200,000. Zikauzika 4, umepata 120,000. Akaumia. Zile 6 ukazisukuma kwa 15,000, umepata 90,000. Jumla 210,000. Faida 10,000, na nauli ya mzigo kutoka Kariakoo bado hujaitoa.

Ungeziacha 10 bila jina, umeweka 150,000. Wanne wakataka jina lake, unaprinti. Ameumia, sita waliobaki wanataka majina mengine au hawataki jina kabisa. Hata wote wakiprinti, ongeza 50,000, jumla 200,000 ileile. Mauzo 300,000. Faida 100,000. Mzigo uleule, winga yuleyule, jeraha lilelile.

Kwa hiyo:

Weka mzigo wa timu, usiweke mzigo wa mtu. Jina liprintiwe mteja akishatanguliza hela ya kuprinti.

Tofautisha mwenye jina na mwenye moto wa wiki. Saka namba 7 hata akiwa hospitali kuna shabiki wa Arsenal atataka jezi yake, kwa sababu anampenda. Lakini winga aliyefunga mawili Jumamosi, banda umiza zima likapiga kelele, wateja wake wanapoa akikosa mechi tatu. Huyo uza kwa oda tu.

Kumbuka kuhama. Mchezaji anayeumia mara kwa mara, klabu inaweza kumuachia, kama ilivyokuwa kwa Wanyama. Na hata asipoumia: Samatta mwezi wa tisa 2020 alishakwenda Fenerbahçe, miezi minane tu tangu afike Villa. Aliyekuwa na rundo la Villa zenye jina lake kuanzia hapo alikuwa anauza kumbukumbu.

Na fikiria umbali. Mteja yuko Njombe, mzigo umeshuka Makambako usiku, kilomita kama 60 bado. Oda ya jina ikichelewa siku moja mbili anavumilia ukimwambia mapema. Mwambie ukweli: "Jina naprinti ukishalipia, siku tatu unaipata."

KWA KIFUPI

Mechi zinashuka mwaka hadi mwaka na anaumia palepale: muache, Fantasy na jezi.
Msimu mmoja mbaya, huko nyuma alikuwa mzima: muweke Fantasy kama benchi lako liko vizuri na una nafasi ya akiba. Jezi, kwa oda.
Anarudi leo kutoka kwenye upasuaji: subiri dakika 60 mara mbili.
Ameumia leo: mtafute anayemrithi.

Na wewe unayeuza viatu, vipodozi au parachichi, yule msambazaji mwenye mzigo mkali ambao nusu ya mwaka haupatikani ndiye winga wako. Hesabu amekuletea mara ngapi mwaka huu, kisha uangalie benchi lako lina nani.

Mtumie hili somo mwenzio anayetaka kuprinti majina kabla ligi haijaanza. Na wewe niambie, kwenye mzigo wako nani ni mkali ila haaminiki?