Usilipe Mtu Akutoe CRB

Vibandiko vya matapeli vimejaa kwenye nguzo za stima: "Umewekwa CRB? Tunakutoa leo leo." Chini kuna namba ya simu; jina la ofisi halipo. Ukipiga, unaambiwa utume ada kwanza, kisha picha ya kitambulisho. Wengine hudai hata namba ya siri ya M-Pesa. Hujiita washauri wa madeni.

Hakuna wakala anayeweza kufuta deni la kweli kwenye CRB, yaani mashirika ya Kenya yanayotunza kumbukumbu za mikopo. Ukilipa, rekodi hubadilishwa ionyeshe umelipa, ingawa habari ya kuchelewa kwako inaweza kubaki kwa miaka 5. Mengine wanayokuuzia ni haki yako tayari. Chini ya kanuni za mwaka 2020, una haki ya kupata ripoti yako bila malipo mara moja kwa mwaka, na cheti cha kwanza cha kuonyesha huna deni hakilipiwi. Deni lisilofika Sh1,000 halifai kukuharibia jina. Aidha, mkopeshaji anapaswa kukuarifu siku 30 kabla ya kupeleka jina lako kwa mashirika hayo: TransUnion, Metropol au Creditinfo. Ukiona kwenye ripoti yako deni ulilokwisha kulipa, au mkopo usioujua kabisa, andika pingamizi na uambatanishe risiti au ujumbe wa malipo. Shirika husika lazima lichunguze.

Mshauri wa kweli huanza na karatasi na kalamu. Atakutaka utaje nani anakudai, salio ni ngapi, riba ni ngapi, na umeweka dhamana gani. Hapo ndipo wengi wetu huteleza: tunamlipa anayepiga kelele. Mkopo wa simu wa Sh4,000 unalipwa kwa sababu wakala wa kampuni anatukana tangu asubuhi, huku benki yenye hati ya shamba ikiandika barua za upole ambazo hakuna anayezifungua. Zifungue. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inaitaka benki ikupe notisi ya miezi 3 urekebishe malipo, kisha nyingine ya siku 40 kabla ya kuuza. Huo ndio muda wa kuomba, kwa maandishi, upunguziwe rejesho au uongezewe miaka.

Riba nayo ina kikomo. Kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki kinasema mkopo ukishakuwa mbovu, riba inayodaiwa kuanzia hapo haiwezi kupita kiasi ulichokuwa unadaiwa siku hiyo. Kama salio lilikuwa Sh50,000, benki haiwezi kudai zaidi ya Sh100,000, ukiacha gharama halali za kufuatilia deni.

Wale wa kutukana pia wana sheria yao. Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 zinawakataza wakopeshaji wa kidijitali kutisha, kutusi, au kuwapigia watu walio kwenye simu yako ili kukuaibisha. Hifadhi jumbe zao, kisha ulalamike kwa Benki Kuu na kwa Kamishna wa Data. Mwaka 2023 Kamishna huyo aliitoza kampuni moja ya mikopo ya simu karibu Sh3 milioni kwa kosa la aina hiyo.

Na jela je? Polisi hawana kazi ya kukusanya madeni ya mkopo. Korti inaweza kumfunga mdaiwa, lakini ni baada ya kumwita ajieleze, na baada ya kuridhika kwamba ana uwezo na anakataa kulipa, au anaficha mali. Asiyekuwa nacho hafungwi kwa sababu ya umaskini wake.

Madeni yakikushinda kabisa, Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015 ina njia za mtu binafsi, zikiwemo kulipa kwa awamu kwa amri maalumu na utaratibu wa asiye na mali, zote kupitia ofisi ya Mpokeaji Rasmi. Usiende peke yako. Kituo cha Sheria na Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria huwasaidia wasio na uwezo wa kulipa wakili. Beba ile karatasi ya madeni, notisi zote ulizopokea na taarifa ya M-Pesa ya miezi michache iliyopita.