BIMA YA AFYA: SEMA KABLA HAWAJAAMUA



Leo hatutazungumza juu ya kuchemsha maji wala kuchimba choo. Tutazungumza juu ya mkutano. Huenda utajiuliza, mkutano una uhusiano gani na afya? Soma polepole, utaona.

Mimi ni mganga msaidizi katika zahanati ya kijiji kimoja cha milima ya Uluguru. Siku moja aliletwa mkulima wa ndizi, amebebwa kwenye machela. Alikuwa amejikata mguu kwa panga shambani. Jeraha lenyewe halikuwa kubwa. Lakini alikaa nyumbani siku nne akitafuta pesa. Alipofika, mguu ulikuwa umevimba, unatoa usaha, na homa ilikuwa kali. Tulimsafisha, tukampa dawa ya kwanza, kisha tukampeleka hospitali. Mguu ulipona. Lakini mbuzi wawili waliuzwa, na msimu wa kupanda ukampita.

Baadaye nilimwuliza, "Mzee, mbona hukujiunga na bima?"

Akajibu, "Mwanangu, siku walipoizungumza nilikuwa gulioni. Nilisikia tu kwamba wameshaamua."

Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike somo hili.

BIMA NI NINI?

Bima ya afya ni akiba ya watu wengi iliyowekwa pamoja. Kila kaya inatoa fedha kidogo wakati watu ni wazima. Anayeugua anatibiwa kwa fedha hizo. Tupige hesabu. Kaya 100 zikitoa shilingi 30,000 kila moja, zinapatikana shilingi 3,000,000. Mtu mmoja hawezi kuweka akiba kubwa namna hiyo peke yake. Wahenga walisema, kidole kimoja hakivunji chawa.

Ugonjwa haungoji mavuno. Nimonia inaweza kumshika mtoto wakati wa masika, viazi vikiwa bado ardhini. Hapo ndipo bima inaposaidia.

TUMETOKA WAPI?

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, matibabu katika vituo vya Serikali yalitolewa bure. Kuanzia mwaka 1993 wananchi walianza kuchangia gharama, kwanza katika hospitali kubwa. Mwaka 1996 Mfuko wa Afya ya Jamii ulijaribiwa katika Wilaya ya Igunga, Mkoa wa Tabora. Sheria yake ilitungwa mwaka 2001. Mwaka 2018 mfuko huo uliboreshwa. Katika mikoa mingi, kaya ya watu wasiozidi sita ilichangia shilingi 30,000 kwa mwaka.

Mwezi Septemba 2022, muswada wa Bima ya Afya kwa Wote ulipelekwa Bungeni. Muswada ni sheria ambayo bado haijapitishwa. Wakati huo kilitajwa kiwango cha shilingi 340,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita. Hiyo ni zaidi ya shilingi 28,000 kila mwezi. Kiwango cha shilingi 30,000 kwa mwaka kilikuwa sawa na shilingi 2,500 tu kwa mwezi.

Watu walisema. Waliuliza: mkulima atapata wapi fedha hizo? Asiye na uwezo atalipiwa na nani? Mwezi Novemba 2022 muswada uliahirishwa ili uzungumzwe zaidi. Bunge liliupitisha tarehe 2 Novemba 2023, baada ya mwaka mzima. Sheria hiyo iliweka mfuko wa kuwagharimia watu wasio na uwezo.

Je, sasa tumechelewa? Hapana. Baada ya sheria huja kanuni, viwango na taratibu. Hivyo vinaweza kubadilishwa, na kila vinapobadilishwa kuna nafasi ya kusema.

SOMO KUTOKA MATOMBO

Sisi watu wa Uluguru tunajua hasara ya kutoulizwa. Katika miaka ya 1950 Serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima kuchimba matuta ya ngazi milimani. Lengo lilikuwa kuzuia udongo usichukuliwe na mvua. Lengo hilo halikuwa baya. Lakini kazi ilikuwa nzito, na watu walilazimishwa badala ya kusikilizwa. Mwaka 1955 zilitokea ghasia Matombo. Polisi walifyatua risasi na mtu mmoja akafa. Mpango ukaachwa.

Hata jambo jema huharibika wenyewe wasiposikilizwa. Siku hizi hatuhitaji ghasia. Ibara ya 21 ya Katiba yetu inampa kila raia haki ya kushiriki katika uamuzi wa mambo yanayomhusu.

JINSI YA KUTOA MAONI

1. Jua kinachopendekezwa. Uliza: ni kiasi gani? Ni kwa watu wangapi? Kadi inatumika zahanati tu, au hospitali pia?

2. Piga hesabu ya nyumba yako. Mwaka jana mlitumia fedha ngapi kwa matibabu na nauli?

3. Sema jambo kamili. Ukisema "bima ni mbaya", huwezi kusaidiwa. Sema hivi: "Sisi hupata fedha tunapouza viazi na maharage. Tunaomba tulipe kwa mafungu mawili, baada ya mavuno."

4. Zungumza juu ya huduma. Kadi bila dawa ni karatasi tu. Dawa zikikosekana, uliza kwa heshima ni kwa nini. Mimi mganga sichukii kuulizwa. Swali lako linanisaidia nami ninapopeleka habari wilayani.

5. Wasemee wasioweza kufika. Mfikirie mlemavu, na bibi anayelea wajukuu yatima. Majirani ndio wanaowajua watu wasio na uwezo.

6. Hakikisha maoni yameandikwa kwenye muhtasari wa mkutano. Omba usomewe kabla mkutano haujafungwa.

USEME WAPI?

Mahali pa kwanza ni Mkutano Mkuu wa Kijiji. Huo ni mkutano wa wakazi wote waliotimiza miaka 18, wanawake kwa wanaume. Unapaswa kufanyika angalau kila baada ya miezi mitatu. Ukiona umepangwa siku ya gulio, mwombe Mwenyekiti abadilishe siku.

Pia waone wajumbe wa kamati ya zahanati. Diwani hupeleka maneno yenu katika Halmashauri ya Wilaya. Mbunge huyapeleka Bungeni. Na muswada unapokuwa mbele ya Kamati ya Bunge, wananchi wanaweza kupeleka maoni kwa barua. Wewe sasa unajua kuandika. Barua ya mistari kumi inatosha.

Jambo moja usilisahau. Kusubiri mkutano si sababu ya kuchelewa kutibiwa. Mtoto akipumua kwa haraka na kifua kikibonyea, au jeraha likianza kuvimba, njoo zahanati siku hiyo hiyo. Mambo ya fedha tutayazungumza ukiwa umeshaonwa.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini yule mkulima wa ndizi alichelewa kupata matibabu?
2. Katika kijiji chenu, ni mwezi gani kaya nyingi huwa na fedha?
3. Mkutano wenu wa mwisho ulifanyika lini? Akina mama walisema?
4. Andikeni pamoja maoni mawili kuhusu bima. Mchagueni mtu wa kuyasoma mkutanoni.

Yule mzee wa ndizi sasa hutangulia kufika mkutanoni, hukaa mstari wa mbele, na mguu wake mzima huunyoosha. Nawe usikose.