Kompyuta ya Kuchomeka Nyuma ya Televisheni

Ndugu mkulima, siku hizi katika maduka ya Eldoret huuzwa kifaa kidogo chenye urefu wa kidole na mdomo wa chuma kama wa ufunguo. Wauzaji hukiita stiki ya TV. Ukikichomeka nyuma ya televisheni, kioo kilichokuwa cha kutazamia habari na mpira chaweza kuwa kioo cha kompyuta. Watu wengi wamefika ofisini kuuliza kama kifaa hiki chafaa kwa kazi ya ukulima. Chafaa, lakini viko vya namna mbalimbali, na mtu asiyejua tofauti yake hupoteza fedha. Ndiyo sababu ya somo hili.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Kikundi kimoja cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, nje kidogo ya mji, kilikuwa na televisheni katika chumba cha mikutano. Waliniuliza wafanyeje wapate kuweka hesabu za maziwa na kutazama mafunzo ya kilimo pamoja. Nikawajibu upesi, "Nunueni ile stiki ya kuchomeka." Sikuwaambia ni ipi. Wakatoa shilingi 6,000 katika fedha za maziwa, wakanunua. Baada ya wiki mbili mweka hazina wao, mama mtu mzima, alikuja ofisini na kifaa kimefungwa katika kitambaa. Akakiweka mezani pangu, akasema, "Karani, kitu chako hiki chataka intaneti, na sisi hatuna. Hesabu nitaandika wapi?" Sikuwa na neno. Walikuwa wamenunua kifaa kizima, kisicho na kasoro, lakini hakikuwa kompyuta.

NAMNA MBILI

Namna ya kwanza ni kile cha kuleta picha tu. Huvuta sinema na vipindi kutoka kwenye intaneti na kuvionyesha kwenye kioo. Kampuni ya Google ilitoa Chromecast yake mwaka 2013, na Amazon ikatoa Fire TV Stick mwaka 2014. Chromecast ya kwanza haikuwa hata na rimoti. Iliongozwa kwa simu. Mahali pasipo na intaneti vifaa hivi havina kazi kubwa, na mahali palipo na intaneti ya kulipia, kumbuka kwamba saa moja ya picha safi yaweza kula gigabaiti moja au zaidi. Hicho ndicho walichonunua wale wafugaji.

Namna ya pili ni kompyuta kamili. Ndani yake mna kitu cha kufikiri, kumbukumbu ya kazi ya sasa, na ghala la kuwekea kazi iliyokwisha. Intel walitoa Compute Stick yao mwaka 2015 kwa bei ya dola 149 za Marekani, ikiwa na programu ya Windows, kumbukumbu ya gigabaiti 2, na ghala la gigabaiti 32. Usidanganyike na hizo 32. Ni kama ghala la magunia 32 ambalo fundi aliyelijenga ameacha mbao zake ndani: Windows yenyewe huchukua sehemu kubwa, hata siku ya kuletewa marekebisho mapya nafasi hukosekana. Intel wameacha kuitengeneza, kwa hiyo ukiuziwa leo ni ya zamani. Tena Microsoft walimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10 mwezi wa Oktoba 2025, na Windows 11 haikutengenezwa kwa kompyuta ndogo kama ile. Mwenye nayo aweza kuitilia programu ya Linux, ambayo hailipiwi, lakini amtafute mtu anayeijua kazi hiyo.

Yuko ndugu yake mwingine, ambaye si kijiti hasa bali ni kibao kidogo kilicho wazi. Huyu ni Raspberry Pi, aliyebuniwa Cambridge, Uingereza, na kuanza kuuzwa mwaka 2012. Yule mdogo aitwaye Zero alitoka mwaka 2015 kwa dola 5, naye ana urefu wa milimita 65 na upana wa milimita 30. Hana ghala ndani. Husoma kadi ndogo kama ile ya simu. Lakini bei hiyo ya dola 5 isikutie tamaa. Utanunua kadi, chaja, waya wa kwenda kwenye televisheni, kibodi na kipanya, na hivyo vyote pamoja hupita bei ya kibao mara nyingi. Zero pia ana tundu moja tu la kuunganishia vyombo, basi afadhali kibodi na kipanya vinavyotumia kipokezi kimoja.

KABLA YA KULIPA

Geuza televisheni yako utazame mgongoni. Stiki hutaka tundu la HDMI, nalo ni jembamba, pana upande mmoja kuliko wa pili, na mara nyingi jina lake limeandikwa kando. Hapa ndipo wengi hukwama. Mwaka 2015 mitambo ya analojia ilipozimwa nchini, wengi wetu hatukununua televisheni mpya; tulinunua king'amuzi tu tukabaki na ile ya tumbo kubwa. Ile ina matundu matatu ya mviringo, la njano, jeupe na jekundu, na stiki haiingii. Kiko chombo cha kubadilisha, lakini maandishi huja yamefifia. Ng'ombe utamwona vizuri. 3 na 8 hutazitofautisha, na hesabu ya maziwa isiyosomeka ina faida gani?

Jambo la pili ni umeme. Wauzaji hupenda kusema kwamba stiki hupata nguvu kutoka tundu la USB la televisheni. Pengine ni kweli kwa ile ya kuleta picha. Lakini tundu hilo mara nyingi hutoa nusu ampea tu, na Compute Stick ya mwaka 2015 ilikuja na chaja ya ampea 2 kwa volti 5, yaani wati 10. Kompyuta isiyoshiba huwaka, huonyesha jina lake, kisha huzimika, na mwenyewe hudhani imekufa. Tumia chaja yake kwenye ukuta. Mwenye sola asithubutu kuiunga moja kwa moja kwenye betri ya volti 12, kwani itaungua. Atumie chaja ya simu ya kwenye gari, ambayo hupunguza volti 12 kuwa 5, iliyo na ampea za kutosha.

Tena umeme ukikatika ghafla wakati kompyuta inaandika, kadi yaweza kuharibika na hesabu za mwezi zikapotea. Kila Jumamosi weka nakala kwenye flashi, na flashi ikae nyumba nyingine. Daftari la zamani nalo liendelee kuandikwa.

Kuhusu mafunzo, huna haja ya intaneti kijijini. Wapo watoao filamu za kilimo zinazopakuliwa bure, kama Access Agriculture, na baadhi yake ni za Kiswahili. Mtu mmoja azipakue mjini, azilete katika flashi. Tangu viwavijeshi vamizi vilipoingia Kenya mwaka 2017, nimejaribu mara nyingi kuwaonyesha wazee kwenye simu ile alama ya Y iliyopinduliwa kichwani mwa kiwavi, na yale madoa manne ya mraba karibu na mkia. Wawili huona, ishirini husukumana. Kwenye televisheni kiwavi huwa mrefu kama mkono, na kila mtu huona akiwa ameketi.

Wale wafugaji waliuza stiki yao kwa mwalimu mmoja mwenye intaneti, kwa shilingi 4,000. Zile elfu mbili zilizopungua nilizilipa mimi. Safari hii tulitazama kwanza nyuma ya televisheni, tukakuta HDMI, wakaongeza fedha wakanunua Raspberry Pi na vyombo vyake. Yule mama sasa huandika lita za kila mwanachama jioni, katika programu ya hesabu iitwayo LibreOffice, ambayo pia hailipiwi. Mwezi wa pili alikuta gharama ya gari la maziwa imekatwa mara mbili. Alikuja tena ofisini, safari hii kuomba karatasi ya kuandikia barua ya kudai.

ZOEZI

Chora katika daftari matundu yote yaliyo nyuma ya televisheni yako, na uandike herufi zilizo kando ya kila moja. Soma chaja unazozitumia nyumbani, uandike volti na ampea zake. Andika pia kazi tatu ambazo ungetaka kompyuta ikufanyie, kisha utie alama kwenye ile isiyowezekana pasipo intaneti. Beba daftari hilo uendapo dukani, umwonyeshe muuzaji kabla hajakuonyesha bidhaa yake.