Nani Alihesabu Miaka ya Ishango?

Somo la historia lilikuwa limefika India ya kale: Mahavira na dini ya Jaini, Buda na wafuasi wake, na mfalme Ashoka aliyeamuru maneno yake yachongwe kwenye majabali. Niliandika ubaoni kwamba Ashoka alitawala katika karne ya 3 kabla ya Kristo. Mwanafunzi mmoja, mtoto wa Kadutu hapa Bukavu, akanyoosha mkono: "Mwalimu, nani alihesabu?"

Kwa Ashoka jibu ni jepesi. Katika maandishi yake aliwataja kwa majina wafalme watano wa Kiyunani wa wakati wake, mmoja wao Ptolemaio wa Misri. Miaka ya wafalme hao tunaijua kwa njia nyingine, basi na ya Ashoka tunaipata humo humo. Lakini pale ambapo hakuna aliyeandika, tutafanyaje?

Mfano tunao hapa Kivu. Mwaka 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimba Ishango, pale mto Semliki unapotoka katika ziwa Edward. Akakuta mfupa mdogo, urefu wake kama sentimita 10, umepachikwa kipande cha jiwe gumu nchani na kuchanjwa alama nyingi ubavuni. Leo tunafundisha kwamba una miaka kama 20,000. Nani alihesabu?

Tuanze jikoni, kwenye gunia la makala. Makala ni mti uliokatwa ukachomwa, na sehemu kubwa yake ni kaboni. Mti uliipata wapi? Si udongoni. Uliipata hewani, kwa majani yake. Huko juu angani, miale inayotoka mbali sana huigonga hewa, na nitrojeni kidogo hugeuka kuwa kaboni ya aina ya pekee, kaboni 14. Ni haba mno: karibu atomu moja katika kila atomu trilioni moja za kaboni. Tena haidumu, polepole hurudi kuwa nitrojeni. Mti ukiwa hai, inayopotea hujazwa na hewa mpya. Mbuzi akila majani, nasi tukila mbuzi, wote tunabaki na kiasi kile kile. Siku shoka linapouangusha mti, hakuna mpya inayoingia tena. Iliyomo inapungua tu.

Inapungua kwa kipimo gani? Mwaga maharagi 800 mezani, yawe ndiyo kaboni 14. Kila miaka 5,730 ondoa nusu ya yaliyobaki. Mara ya kwanza yanabaki 400, kisha 200, kisha 100, na hapo miaka 17,190 imepita. Ukifika miaka 22,920 yamebaki 50. Kitu cha miaka 20,000 kitakuwa na maharagi kama 70. Anayepima huenda kinyume: huhesabu yaliyobaki, akapata miaka iliyopita. Mwalimu mwenzangu, nenda na hesabu hii polepole darasani, maana anayeshika hapa ameshika yote.

Ila saa hii ya kaboni 14 ina mtego, na Bukavu ndipo mahali pazuri pa kuuona. Chukua sambaza, samaki mdogo wa ziwa letu, aliyevuliwa usiku wa jana. Ziwa Kivu lina hewa ya ukaa nyingi iliyotoka chini, kwenye moto wa volkano, na hewa hiyo ni ya kale mno hata kaboni 14 yake imekwisha. Ikichanganyika na maji, viumbe wa ziwa hujenga miili yao kwa kaboni iliyopungukiwa. Ukimpima sambaza huyo bila kujua habari za ziwa, atakuambia alikufa maelfu ya miaka iliyopita, na bado yumo kikaangoni!

Kwa sababu hiyo makombe na mifupa ya samaki ya Ishango, ambayo nayo yametoka ziwani, yanataka uangalifu. De Heinzelin mwenyewe mwanzoni aliukadiria mfupa ule umri wa karibu nusu tu ya huu wa leo. Miaka ya 1980 wachunguzi walirudi, wakapima upya tabaka la udongo ulimolala mfupa huo, na hesabu ikarudi nyuma hadi miaka 20,000. Mimi naona kusahihishwa huko kunaipa sayansi nguvu, na watoto wanapaswa kukusikia.

Sasa zitazame alama zenyewe. Zimepangwa safu tatu. Safu moja ina mafungu ya 11, 13, 17 na 19. Nyingine ina 11, 21, 19 na 9. Jumlisha kila moja ya hizo mbili: 60, na 60. Wapo wanaosema ni kalenda ya mwezi, wapo wanaosema ni chombo cha kuhesabia, wapo wanaosema zilichanjwa ili mkono usiteleze. Mabishano hayajaisha.

Mfupa uko Brussels, katika taasisi ya sayansi za asili. Mtoto wa Kivu ana haki ya kuujua kabla ya kuambiwa kwamba historia ilianzia kwingine. Mwalimu mwenzangu, chora safu zile ubaoni kesho, uwaachie watoto chaki wajumlishe wenyewe.